Kusema "nna kigugumizi" kabla hawajakugundua: ugumu wake uko wapi na inafanyika vipi

Nianze na siku moja tu. Nilikuwa nimetoka Wete, Pemba, nimekuja Unguja kuanza fomu faivu, skuli ngeni, darasa la watu kama arobaini na simjui hata mmoja, mwalimu kaingia kasema jitambulisheni mmoja mmoja, jina lako na skuli ulikotoka. Jina langu linaanza na S. Mpaka zamu inanifikia nishahesabu watu walio mbele yangu sijui mara ngapi, moyo unapiga, nikasimama, na ile S ikagoma. Si kwamba nilirudiarudia, haikutoka kabisa, mdomo uko wazi shingo imekaza na darasa zima kimya linanitazama. Mwalimu akasema "vipi, umesahau jina lako?" watu wakacheka, na naamini mpaka leo hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Nikataja jina jengine. Nikasema Hamad, jina la ndugu yangu, kwa sababu siku ile H ilikuwa nyepesi, na nikaitwa Hamad wiki mbili nzima mpaka rijista ilipokuja na majina ya vyeti na ikabidi nieleze kwanini nilidanganya jina langu mwenyewe.

Watu wengi wenye kigugumizi nilokuja kuongea nao baadae wameshawahi kufanya kitu kama hichi. Jina lako ndo neno gumu kuliko yote maana maneno mengine unaweza kuyabadilisha, ukikwama kwenye "samaki" utasema kitoweo, lakini jina huna mbadala wake.

Kule Wete sikuwahi kumwambia mtu kwamba nna kigugumizi kwa sababu hakukuwa na wa kumwambia. Mtaa mzima wanajua, mwenye duka anajua, maalim wa chuoni, pale tunaposomea Qur-ani, anajua, ami yangu mkubwa anacho na baba yake alikuwa nacho, kwa hivo kwetu ilikuwa kama kurithi pua. Sasa kujulikana na kusema mwenyewe ni vitu viwili mbali mbali, na mie tofauti hiyo niliijua nikiwa na miaka kumi na nane mbele ya watu wasonijua, sina hata sentensi moja tayari ya kujielezea.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini maana watu wanachanganya. Kithembe ni pale mtu sauti fulani inamtoka vyengine, s inakuwa kama th, lakini maneno yake yanatiririka. Kigugumizi ni kukatika kwa ule mtiririko. Unajua unachotaka kusema, neno liko kichwani limekamilika, ila kulitoa ndo kazi. Kuna kurudia, ma-ma-ma-maji. Kuna kuvuta, sssssukari. Na kuna kukwama moja kwa moja ambako hakutoki kitu, na hii ya tatu ndo watu hawaijui, wanadhani umesahau au bado unafikiri au umewadharau hutaki kuwajibu. Alafu kuna mambo mwili unayaongeza wenyewe wakati unajaribu kujinasua, kufumba macho, kugonga mguu chini, kutikisa kichwa, na mara nyingi hayo ndo watu wanayoyaiga wanapokucheka.

Mara nyingi kinaanza mtoto akiwa na miaka miwili mpaka mitano hivi. Karibu watoto 5 katika kila 100 wanapitia hali hii na wengi wao kinaondoka chenyewe, watu wazima wanaobaki nacho ni kama 1 katika 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, kama mara nne. Piga hesabu skuli yenye wanafunzi elfu moja, basi kuna kama kumi hivi humo na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Chanzo chake kiko kwenye namna ubongo unavyopanga na kuratibu kusema, na sehemu kubwa ni ya kurithi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walieleza jeni walizozikuta zina hitilafu kwenye familia za Pakistan zenye watu wengi wenye kigugumizi, na 2015 wakaja na nyengine kutoka familia moja kubwa ya Cameroon. Siku niloyasoma haya nilimpigia simu ami yangu nikamsomea, akanyamaza kidogo akasema "kwa hivo si kosa la mama", maana miaka yote bibi alikuwa akilaumiwa kwamba alimtisha mwanawe utotoni. Woga unakizidisha kigugumizi lakini haukileti. Wala hakiji kwa kutekenywa, wala kwa kumuiga mwenye nacho, wala hakina uhusiano na akili. Mie nilinyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qur-ani zilizoandikwa, na nalitaja kwa heshima kwa sababu bibi yangu alilitaka kwa mapenzi na ile dua naithamini mpaka kesho, lakini kuna mtu alimshauri mama nikatwe kimio na hapo mama alikataa, alhamdulillah. Kimio hakihusiki hata kidogo. Unamkata mtoto unamwachia kidonda na hatari ya kutokwa na damu, na kigugumizi kiko pale pale.

Sasa kwanini kusema tu "jamani nna kigugumizi" ni kazi kiasi hichi? Ni maneno mawili matatu.

Sababu moja kubwa ni kwamba kigugumizi hakikai sawa. Kipofu ni kipofu asubuhi na jioni, lakini mie naweza kukaa barazani usiku mzima na rafiki zangu nikasema kama maji, kesho yake nashindwa kumwambia utingo anishushe Darajani. Na kuna vitu vinakiondoa kwa muda kabisa, kuimba, kusoma kwa pamoja na wenzako, kunong'ona, kuongea peke yako. Chuoni tukisoma sote kwa sauti moja mie nilikuwa natoka safi, kwenye kaswida za Maulidi nilikuwa napewa mpaka nafasi ya mbele, alafu maalim akisema haya sasa soma peke yako, ulimi unafunga. Kwa mtu asojua hii inaonekana ni kujifanya, mbona jana kaimba? Na mie nilikula fimbo kwa sababu hiyo, aya niliyoihifadhi naijua nimeshindwa kuitoa, ikahesabika sikuhifadhi. Kwa hivo mtu anaogopa kusema kwa sababu akisema alafu siku ile akaongea vizuri ataonekana muongo, na akinyamaza alafu akakwama ataonekana mjinga.

Sababu ya pili ni staha zetu sisi wenyewe. Hapa kwetu jambo la mwili wa mtu halitajwi mbele yake, watu wataona umekwama wataangalia pembeni, watakuhurumia, wengine watakumalizia neno haraka ili wakusitiri, na nia yao ni njema kabisa. Lakini wewe ulokwama unaiona ile sura iloangaliwa pembeni na unaisoma kuwa ni aibu, na wote mnabaki mnalinda siri ambayo kila mtu anaijua. Akili ya mtoto hapo inajifunza kitu kimoja, kwamba hili halisemwi.

Basi unaficha, na kuficha kuna ufundi wake, mie nilikuwa fundi. Unabadilisha maneno. Hunyooshi mkono darasani hata jibu unalijua. Kwenye gari husemi shusha, unasubiri mwengine ashuke ndo ushuke nae hata kama ni vituo viwili mbele na utarudi kwa miguu. Dukani unaonesha kwa kidole. Unatuma meseji badala ya kupiga. Watu wakawa wananisifu, "kijana mpole huyu, hana maneno", na kumbe mie nna maneno mengi sana.

Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambae mwenyewe alikuwa nacho, alikifananisha kigugumizi na jabali la barafu linaloelea, kipande kinachoonekana juu ni kidogo na kubwa lote liko chini ya maji, hofu, aibu, kujiona mwenye hatia. Sisi barafu ya baharini hatuijui ila mwamba tunaujua. Nahodha haogopi mwamba anaouona, anaogopa ule ulofunikwa na maji. Kusema mwenyewe kwa kinywa chako ni sawa na maji ya bamvua yakitoka, mwamba uko pale pale haujapungua hata chembe, ila sasa kila mtu anauona na anajua apite wapi, na wewe hulazimiki kuusimamia usiku kucha usionekane.

Kwenye hili mie mfano wangu mkubwa ni Nabii Musa, amani iwe juu yake. Ile dua tunayofundishwa tuisome kabla ya mtihani, Rabbi shrah li sadri, iko Surat Taha, watoto wanaihifadhi bila kutazama inaomba nini. Inaomba fundo lililoko kwenye ulimi lifunguliwe ili watu wafahamu maneno yake. Na hakuishia hapo, kwenye Surat Qasas akasema ndugu yangu Harun ana ufasaha wa ulimi kuliko mimi, mtume pamoja nami. Yaani alipopewa kazi kubwa kuliko zote alilitaja jambo lake waziwazi, akasema anahitaji msaada gani, na kazi akaifanya. Firauni akaja kumkejeli kwa hilo hilo, iko Surat Zukhruf, kwamba huyu hawezi hata kujieleza. Kwa hivo kukejeliwa kunaweza kuwepo hata ukisema. Na kwa walimu wa chuoni kuna ile hadithi ya Bibi Aisha iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba anaesoma Qur-ani huku anatatizika na kuona uzito ana ujira mara mbili. Ningetamani mwalimu yeyote aikumbuke kabla hajainua fimbo.

Tuje sasa namna ya kusema, maana hapa ndo watu wengi wanateleza. Kuna kusema kwa kuomba radhi na kuna kusema kwa kutoa taarifa. Wa kwanza anasema "samahanini sana, mnisamehe, mie sijui kuongea vizuri". Wa pili anasema "nna kigugumizi, nikikwama nisubirini kidogo ntamaliza". Maneno karibu sawa lakini yanafanya kazi tofauti kabisa. Courtney Byrd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin walilipima hili, utafiti ukatoka 2017, wakawaonesha watu video za wenye kigugumizi, na yule alotaja jambo lake kwa kutoa taarifa alionekana mchangamfu na mwenye kujiamini zaidi kuliko alipokaa kimya, lakini alosema kwa kuomba radhi hakupata faida hiyo. Nami naona sababu iko wazi, ukiomba msamaha unamfundisha msikilizaji kwamba kuna kosa limetendeka, na hakuna kosa.

Taarifa nzuri ina vitu vitatu na yote inaingia kwenye pumzi moja: nna nini, utaona nini, nataka ufanye nini. Mfano mwanafunzi anamfata mwalimu wa darasa wiki ya kwanza, si mbele ya watu, anamwambia "mwalimu shikamoo, mie nna kigugumizi, siku nyengine nasema vizuri siku nyengine nakwama, nikikimya baada ya kuniuliza si kwamba sijui jibu, naomba unipe muda." Ile sehemu ya siku nyengine hivi siku nyengine vile usiiache, ndo inayokukinga usiitwe muongo. Kama hata hayo hayatoki andika kwenye karatasi umpe, au mzazi aende, ila mtoto awepo na akubali yeye kwanza. Na mpangie mwalimu mambo madogo madogo, rijista niitike kwa kunyoosha mkono, kusoma kwa sauti tusome wawili wawili, kujitambulisha niwe wa mwanzo nisikae nahesabu watu, maana kule kungoja zamu ni kubaya kuliko kusema kwenyewe. Mwengine atataka asiulizwe kabisa, na hapo mwalimu awe makini, kumwondolea mtoto kila la kusema ni kumfundisha kuwa sauti yake haitakiwi, bora kumpa muda kuliko kumsamehe asiseme.

Kuliambia darasa zima ni hatua nyengine na si lazima. Mie nililiambia muhula wa pili, tulikuwa na presentesheni ya jografia, nikasimama nikaanza na hilo kabla ya mada. Nilikwama kwenye neno lenyewe la kigugumizi, ile g ilinishika muda mrefu, na hakuna alocheka kwa sababu walikuwa wanaona ninachowaambia kikitokea. Mmoja aliuliza "sasa tukumalizie au tukuache?" na hilo ndo swali bora nililowahi kuulizwa. Nikamwambia niacheni nimalize. Kuna wenzangu wanapenda kumaliziwa, kwa hivo lazima useme wewe unataka lipi, watu hawawezi kubahatisha.

Barazani na kijiweni ni rahisi zaidi kwa upande mmoja na pagumu kwa upande mwengine, maana pale utani ndo lugha. Rafiki anaekutania ukiwa umemruhusu si sawa na mtu mzima anaekuiga mbele ya wageni, na mpaka huo anauweka mwenye kigugumizi peke yake. Mie nilimwambia rafiki yangu mmoja tukiwa wawili tu, tunarudi Forodhani usiku, nikamwambia yakhe, ukiniiga mbele ya watu inaniuma. Akasema hakujua. Miaka minne tulikuwa pamoja na hakujua, kwa sababu kila akiniiga mie nilicheka na wao.

Wakubwa wetu nao wana tabia ya kukusemea. Wageni wanaingia, mama anasema "huyu mwanangu msimuulize sana ana kigugumizi". Kwa mapenzi, lakini mtoto anasikia amefungwa mlango. Bora mama amuulize chemba mapema, leo nikusemee au utasema mwenyewe, na akisema hataki kulitaja basi lisitajwe. Mpita njia na muuza urojo hawana haki ya historia ya ulimi wako, sema pale ambapo utarudi tena, skuli, kazini, chuoni, kwa wakwe.

Na kwa kutaja wakwe, nilichokiogopa kuliko interviu yoyote ilikuwa siku ya nikaha. Unakaa mbele ya sheikh, mkono umeshikwa, msikiti umejaa, unatakiwa useme nimekubali kumuoa fulani kwa mahari tuliyokubaliana na useme pale pale. Wiki kabla nilimfata sheikh nyumbani nikamwambia, na jina la mke wangu linaanza na herufi ilonishinda tangu utoto. Nilitegemea atashangaa. Akasema bubu anaoa kwa ishara inayofahamika na ndoa yake ni sahihi, sembuse wewe mwenye ulimi, chukua muda wako mie sitakukatiza, na akanambia nitakuwa nikitamka kipande kipande nawe unanifata. Siku yenyewe nilikwama mara mbili. Yeye aliushikilia mkono wangu tu akangoja, hakukohoa, hakunimalizia, na watu msikitini wakangoja kwa sababu yeye alingoja.

Tusidanganyane lakini, kusema hakuponyi. Unaweza kuona kukwama kumepungua kidogo kwa sababu ule mzigo wa kuficha umepungua, au unaweza kuona hakuna kilobadilika mdomoni, na watu wengine ni wazito utawaambia mara tatu. Wataalamu wa matatizo ya kusema ni wachache sana nchini kwetu, ukimpata mmoja mshike, na kama mtoto wako mdogo kinamzidi badala ya kupungua usingoje miaka. Tarehe 22 Oktoba kila mwaka tangu 1998 ni siku ya kimataifa ya kigugumizi, mwalimu anaetaka kulizungumza darasani bila kumnyooshea kidole mtoto yeyote basi ile siku inampa sababu.

Kwa wewe uloambiwa, kazi yako ni ndogo. Usiseme "tulia", usiseme "pumua kwanza", usiseme "polepole", haya tumeyasikia tangu tuna miaka mitatu na hayajawahi kuifungua S ya mtu. Tazama machoni kama kawaida, sikiliza anachosema badala ya anavyosema, jibu hicho. Na simu, hii naiomba sana, simu kwetu ndo ngumu maana mtu haoni sura yako, anasikia kimya anadhani mtandao, anasema halo halo alafu anakata, na mie hapo ndo kwanza neno linakaribia kutoka. Ukipokea ukasikia kimya hesabu mpaka kumi kabla hujakata.